Yaliyotokea Budapest ukiwa bwenini

Mombasa, 24 Septemba 2024

Kwako binti yangu Salma,

Baada ya salamu, sisi hapa hatujambo. Bibi yako mguu umepata nafuu, anakusalimu sana na anakuombea dua kila swala. Barua yako ilifika Ijumaa. Najua huko shuleni simu hazikubaliwi, na najua siku zote hizi umekuwa ukijiuliza India wamefika wapi kwenye Olimpiadi ya sataranji, yale mashindano ya chess ya timu za nchi, safari hii huko Budapest, Hungary. Nimekaa sasa nikusimulie, maana habari kama hii siwezi kuituma kwa salamu za mdomo.

India wamechukua dhahabu, mama. Zote mbili. Timu ya wazi, ile wanayochezea wanaume, na timu ya wanawake, Jumapili hiyo hiyo moja tarehe 22, ukumbi mmoja. Hawajawahi kuipata hata moja tangu waanze kwenda huko. Kilichokuwa kikubwa kwao ni shaba, ya mwaka 2014 na ile ya 2022 tuliyoiona pamoja.

Nianze na China, kwa sababu hiyo ndiyo mechi niliyotamani uwe umekaa kando yangu. Ilikuwa Jumatano, raundi ya saba, siku moja baada ya mapumziko. Raundi zilikuwa zikianza saa tisa za Budapest, ambazo kwetu ni saa kumi za jioni, kwa hiyo nikirudi kazini nakuta wameshakaa. Mbao nne kwenye skrini, wachezaji wanne wa India kwa wanne wa China, bendera ndogo juu ya kila mmoja. Nikaufunika ule mstari wa kompyuta, mweupe na mweusi, unaosema nani yuko mbele. Siupendi. Unakwambia mtu anashinda wakati mwenyewe yuko pale anashika kichwa hajui aende wapi, na ukiuangalia sana unaacha kuona mchezo.

Mbao tatu zikaisha sare, moja baada ya nyingine. Unaikumbuka ile ishara: wafalme wawili wanaondolewa walipo na kuwekwa katikati ya ubao, wote kwenye vyumba vyeupe kama mweupe kashinda, wote kwenye vyeusi kama mweusi kashinda, mmoja mmoja kama ni sare. Nikaona wafalme wamekutana hivyo mara tatu. Ukabaki ubao wa kwanza, Gukesh wa India na Wei Yi wa China.

Magharibi ikaingia, Isha ikaingia, wako pale pale. Ujue katika Olimpiadi kila mchezaji anapewa dakika 90 za hatua 40 za mwanzo, kisha anaongezwa dakika 30, na kila akicheza anapata sekunde 30 juu yake. Wakifika mbali hivyo, mara nyingi mchezaji anaishi kwa zile sekunde 30 tu. Anacheza, anaandika, anacheza, anaandika. Wei Yi akajitetea kwa uhodari kweli, lazima niseme, akawa anapata njia pale ambapo mimi nilikuwa nimeshamhesabia kafa. Wenzake Gukesh wamemaliza wote, hawana la kumsaidia. Zikapita saa tano. Kwenye hatua ya 80 ndipo wafalme wakakaa katikati, na babako akanisikia nikipiga kigelegele akadhani kuna mgeni.

India 2.5, China 1.5: nusu tatu za sare, na moja ya Gukesh. Kesho yake kila mtu anasema Gukesh kaifunga China, na ni kweli kafanya kazi ya ajabu kwa kijana wa miaka 18. Lakini hebu chukua kalamu uhesabu. Katika zile sare tatu, geuza moja tu iwe kushindwa: mechi ni 2 kwa 2. Geuza mbili: India wamefungwa, na ule ushindi wa hatua 80 haufai kitu. Timu ikishinda mechi inapata pointi 2, ikienda sare 1, ikifungwa sifuri, na hakuna anayeuliza nusu ilitoka ubao gani. Nusu ya ubao wa nne ina uzito ule ule wa nusu ya ubao wa kwanza.

Nimelisema hili kwa sababu ya ulichoniandikia. Unasema mwalimu amekupanga ubao wa nne katika timu ya shule na umeona haya kutuambia. Salma, mimi niliposoma nilifurahi, nikamsomea na babako. Sikuandiki kukupoza moyo. Nataka ujue ubao wa nne unafanya nini, maana nimeufuatilia raundi zote hizi.

Ubao wa nne wa India alikuwa Vidit Gujrathi. Huyu si mtoto. Alipokuwa tayari grandimasta, cheo cha juu kabisa cha sataranji, hawa kina Gukesh walikuwa wadogo kabisa. Alicheza michezo kumi, akapata 7.5, na hakufungwa hata mmoja. Siku ya Marekani, raundi ya kumi, mechi ambayo ndiyo iliyowapeleka kwenye dhahabu, Praggnanandhaa alifungwa na Wesley So kwenye ubao wa pili. Hilo ni pigo. Gukesh akamshinda Fabiano Caruana, Arjun akamshinda Leinier Dominguez, na Vidit akawa mbele ya Levon Aronian, mtu aliyewahi kuchukua dhahabu ya Olimpiadi mara tatu na Armenia kabla hajahamia Marekani. Vidit akatoka na sare. 2.5 kwa 1.5 tena. Uipime hiyo sare ilikuwa na thamani gani.

Mbali na hao yuko Harikrishna, wa tano, mchezaji wa akiba. Amekuwa akienda Olimpiadi tangu mwaka 2000, akiwa na miaka 14, na safari hii alicheza michezo mitatu tu. Mtu mwenye jina lake angeweza kununa.

Kuna kanuni moja ambayo sikuwahi kukueleza vizuri. Nahodha wa timu kwa kawaida hachezi. Anazunguka nyuma ya viti, anatazama mbao zote nne, na haruhusiwi kumwambia mchezaji neno lolote kuhusu hali ya kete zake. Anachoruhusiwa ni kumwambia atoe sare, au akubali sare, au asikubali, basi. Hata hivyo mchezaji naye ana macho. Anainuka, ananyoosha miguu, anapita kwenye ubao wa mwenzake, anaona mwenzake kabanwa. Akirudi kwenye kiti chake mchezo umebadilika ingawa hakuna kete iliyosogea. Sare aliyokuwa radhi nayo haitoshi tena, lazima atafute ushindi. Au kinyume chake, alikuwa na hamu ya kushambulia, sasa anatakiwa atulie alinde nusu yake. Mimi huo ndio uhondo wa mechi ya timu, na ndio maana nazipenda kuliko mashindano ya mtu mmoja mmoja. Ukitazama ubao mmoja tu huoni kwa nini mtu kacheza alivyocheza.

Sasa njoo kwa wanawake, nisije nikamaliza karatasi kwa wanaume.

Walianza kwa kushinda mechi saba mfululizo. Raundi ya nane Poland wakawafunga. Raundi ya tisa wakakutana na Marekani na ikawa wanazama tena. Aliyewaokoa ni Vantika Agrawal, wa ubao wa nne, naam, wa nne, alimshinda Irina Krush, mechi ikaisha 2 kwa 2. Lingekosekana lile moja, sidhani kama leo ningekuwa nakuandikia habari ya dhahabu mbili. Vantika kapewa na medali yake binafsi ya dhahabu kwa ubao wake, na Divya Deshmukh, ambaye ana miaka 18, kapata ya ubao wa tatu.

Lakini moyo wangu ulikuwa kwa Harika. Harika Dronavalli amekuwa kwenye timu hii tangu mwaka 2004, miaka 20, kaingia msichana mdogo, sasa ni mama wa mtoto. Utakumbuka kule Chennai, India, kwenye Olimpiadi ya 2022, alicheza akiwa na ujauzito wa kukaribia kujifungua, na nilikuonyesha jinsi alivyokuwa akikaa kwa taabu kwenye kile kiti. Safari hii yuko ubao wa kwanza, na ubao wa kwanza ndiko wanakokaa wakali wa kila nchi. Mchezo ukamkataa. Akafungwa, akapumzishwa, akarudi, akafungwa tena. Nilikuwa nikimwona nasema leo hatoki kwenye kiti. Anatoka, anapeana mkono, anasaini karatasi, kesho yupo. Na wale wasichana watatu waliokuwa chini yake wakawa wanaziba pengo kila siku bila kelele. Siku ya mwisho, na Azerbaijan, Harika akashinda. Vantika akashinda, Divya akashinda, Vaishali sare. 3.5 kwa 0.5. Nililia, sikufichi.

Vaishali ni dada yake Praggnanandhaa, huyo niliyekwambia alifungwa na Wesley So. Fikiria mama yao: watoto wawili, timu mbili, dhahabu mbili, siku moja. Mama huyo kwa miaka mingi amekuwa akifuatana na mwanawe mashindanoni nchi za watu, anakaa pembeni anasubiri. Nilimtafuta kwenye picha kwa hamu kuliko nilivyotafuta kombe.

Wanaume nao siku hiyo waliifunga Slovenia 3.5 kwa 0.5. Mechi 11, wameshinda 10, na sare moja tu na Uzbekistan, pointi 21 kati ya 22. Marekani fedha, Uzbekistan shaba. Kwa wanawake Kazakhstan fedha na Marekani shaba. Arjun Erigaisi, ubao wa tatu, kapata 10 kati ya 11, na Gukesh 9 kati ya 10.

Vijana wetu wa Kenya nao walikuwepo ukumbini humo humo, wanaume na wanawake. Hilo nalo nalipenda kwenye Olimpiadi, kwamba Magnus Carlsen wa Norway yuko meza fulani, na ukitembea ukumbini unaikuta bendera yetu juu ya meza, na mpangilio wa mechi wa raundi ya kesho unatoka kwenye orodha moja. Ukiwa nyumbani nitakuonyesha michezo yao pia.

Nikurudishe kidogo kwenye ile sare ya Uzbekistan, kwa sababu wewe una haki nayo. Mwaka 2022 shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya uchaguzi, wewe uko darasa la nane, na tulikaa sote mchana kutwa na raundi ya kumi ya Chennai. Gukesh alikuwa na miaka 16. Alishinda michezo yake minane ya kwanza yote, kisha akawa na mchezo wa kushinda dhidi ya Nodirbek Abdusattorov wa Uzbekistan, na angeushinda timu yake ingekuwa karibu kabisa na dhahabu. Akateleza, akakosea vibaya, akafungwa. Akabaki amekaa pale pale kichwa chini. Mechi ikawa 2 kwa 2, dhahabu ikaenda Uzbekistan, na timu ya Gukesh ikapata shaba. Wewe hukutaka kula usiku ule.

Ijumaa iliyopita, raundi ya tisa, ni wao kwa wao tena, India na Uzbekistan, Gukesh na Abdusattorov, na India wameshinda mechi zote nane. Nilikuwa na hofu nikawa natembea sebuleni. Gukesh akacheza mchezo uliotulia, akapata sare, mechi ikaisha 2 kwa 2. Wengine waliandika kwamba India wamepoteza kasi. Mimi niliona kijana aliyejua timu yake inahitaji nini siku hiyo, akaitoa, akalala, na kesho yake akamfunga Caruana.

Kuhusu mechi yenu. Kumbuka kwamba ubao wa kwanza na wa tatu mnapewa rangi moja, wa pili na wa nne rangi nyingine, kwa hiyo muulize mwalimu mapema mmepangiwa nini ili ujiandae. Usicheze haraka kwa sababu wenzako wamemaliza. Ukitoa macho kwenye ubao wako, tazama mbao zote tatu za wenzako, sio ule wa rafiki yako tu. Na kila hatua uiandike vizuri, mwandiko unaosomeka, nataka niicheze hapa mezani na babako.

Siku ya kuwatembelea nitakuletea karatasi za michezo mitatu: Gukesh na Wei Yi, Arjun na Dominguez, Vantika na Krush. Huo wa Vantika ucheze kwanza. Nitaleta na kaimati, sabuni, zile soksi nyeupe, na ubao mdogo wa sumaku ambao bibi yako amekununulia kwa fedha zake mwenyewe, kwa hiyo mwandikie barua yake ya shukrani, usiiweke ndani ya yangu.

Novemba Gukesh anakwenda Singapore kucheza na Ding Liren kugombea ubingwa wa dunia. Utakuwa umeshafunga shule. Nimeomba likizo ya siku chache kazini, sijajibiwa bado.

Babako anakusalimu, mdogo wako anauliza kama anaweza kutumia kitanda chako. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Ni mimi mamako,
Mama Salma