Usichomoe betri huku injini inanguruma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wauza betri wa hapa Dar es Salaam, pamoja na madereva wenzangu ambao bado tunaamini kubadili betri ni kazi ya spana namba 10 na dakika tano.

Mwaka jana gari langu, Toyota ya mkono wa pili kutoka Japani, liligoma kuwaka asubuhi. Jirani akanibustia, nikaenda moja kwa moja hadi duka la betri. Kijana wa pale akafungua boneti, akaniambia, "Usizime mzee, ukizima redio itajifunga." Basi huku injini inanguruma akalegeza taminali, vile vishikizo vya nyaya, na kuchomoa betri ya zamani. Taa zote za dashibodi zikawaka kwa mpigo, injini ikakohoa, ikazima. Na redio ikajifunga vilevile! Wenye redio za Kijapani mnaijua hali hiyo: kioo cheusi, maandishi usiyoyasoma, inadai kadi ya ramani ambayo pengine imebaki Yokohama kwenye droo ya mtu.

Sijui ushauri huo wa "usizime" ulianzia wapi, lakini unahusu magari ya enzi za kabureta, ambayo hayakuwa na kompyuta za kuungua. Betri haipo kwa ajili ya kuwasha gari tu. Ndiyo pia inayomeza mishtuko ya umeme wa oltaneta, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme. Betri ikiwa imeisha, oltaneta husukuma umeme kwa nguvu zake zote ili kuijaza. Ukiichomoa hapo hapo, umeme huo unakosa pa kwenda, na volti ambazo kawaida ni 14 hivi zinaweza kuruka mara kadhaa zaidi kwa nukta ya sekunde. Nukta hiyo inatosha kuua kontroboksi, yaani kompyuta ya gari, na gari la leo halina kontroboksi moja: kuna ya injini, ya gia, ya breki, na nyingine kadha wa kadha. Zangu zilipona. Nilibaki na injini inayotetemeka nikisimama kwenye taa, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imesahau vipimo vyake vya hewa, na vioo vilivyogoma kupanda kwa mguso mmoja. Hayo yalirekebishika. Redio ndiyo iliyonitoa shilingi 60,000 kwa fundi mwingine.

Kosa la pili sikuliona siku ile. Gari langu ni lile linalojizima lenyewe kwenye foleni na kuwaka ukiachia breki. Betri iliyotolewa ilikuwa imeandikwa N-55, ambayo Wajapani huitengeneza kwa magari ya namna hiyo, yenye kuvumilia kuwashwa mara nyingi na kujazwa haraka. Nikafungiwa NS60 ya kawaida. Ukubwa ni uleule, inakaa kwenye kitako chake bila shida, na bei yake inavutia. Kwa foleni ya Buguruni haikumaliza miezi saba. Niliporudi na karatasi ya waranti nikajibiwa kwamba gari langu "lina shoti".

Jirani yangu mwenye Toyota Aqua naye nusura yamkute makubwa zaidi. Kwenye Aqua betri ya volti 12 iko chini ya kiti cha nyuma, ndani mnamokaa watu, na ina kibomba cha kutolea gesi nje. Yeye aliletewa betri ya kawaida ya maji ya asidi isiyo na tundu la kibomba. Wanawe hupanda kiti hicho kwenda shule. Aliikataa, nami nampongeza. Kwa wenye BMW za miaka hii habari ni nyingine tena: betri mpya lazima isajiliwe kwa mashine kwenye kompyuta ya gari. Usipofanya hivyo, gari linaendelea kuichaji kana kwamba ni ile kuukuu.

Wala njia sahihi si ngumu. Zima gari, weka ufunguo mbali, subiri dakika chache kompyuta zilale. Fungua waya wa hasi (−) kwanza, na wakati wa kurudisha iwe ya mwisho. Kama unaogopa redio kujifunga, kipo kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kupimia gari chini ya usukani, kikalishikia umeme kutoka betri nyingine mpaka umalize. Hakina gharama ya kumshinda mtu anayeuza betri kumi kwa siku.

Ninachoomba kwa wauzaji ni kwamba kabla hamjatuuliza tuna bajeti gani, mtuulize gari ni la aina gani na kama hujizima kwenye foleni. Kisha risiti iandikwe namba ya betri iliyotoka na ya iliyoingia. Nilipotafuta yangu siku ya kudai waranti, nilikuta imeandikwa "Betri 1" na bei.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam