Risala ya Klabu ya Kompyuta na Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Chuo

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu, wazazi na wanachuo wenzetu,

Karibu sana, na pole kwa joto la turubai hili.

Klabu yetu ina wanachama 19, baadhi wanasoma kompyuta, wengine uuguzi. Ilianza kwa sababu ya machela. Mwenzetu alimpeleka bibi yake hospitali usiku, presha imepanda. Daktari alimwona mapema tu, akaandika alazwe. Bibi akalala juu ya machela koridoni mpaka kukapambazuka, maana wodini hakukuwa na kitanda. Tulipohadithiwa, wa uuguzi walisema madaktari waongezwe. Wa kompyuta wakasema, hebu tuhesabu kwanza.

Ndugu Mgeni Rasmi, tulichofanya ni kujenga idara ya dharura ndani ya kompyuta: mlango, meza ya triaji (ya kupanga nani anahitaji huduma haraka zaidi), daktari, maabara, vitanda. Wagonjwa wa kubuni wanaingia bila mpangilio, watatu kwa mkupuo, kisha nusu saa kimya. Kila mmoja anapewa rangi kulingana na hali yake, kwa utaratibu uliotoka Afrika Kusini. Mwenye nyekundu hapangi foleni. Mwezi mzima unapita kwa sekunde chache, na tukikosea hafi mtu. Programu yenyewe, SimPy, ni ya bure.

Hesabu za foleni si ngeni. Mdenmark Agner Krarup Erlang alizianza mwaka 1909 kwa ajili ya simu za Copenhagen. Mwaka 1961 Mmarekani John Little akathibitisha kanuni ambayo hata mama lishe anaielewa: wakiingia wagonjwa 6 kwa saa, na kila mmoja akakaa saa 4, ndani watakuwamo 24 kwa wastani. Kama vitanda ni 16, wanane wako kwenye benchi, hata manesi wakimbie namna gani.

Tukaongeza daktari mmoja zamu ya usiku. Foleni yake ikafupika, ya koridoni ikarefuka! Wagonjwa waliandikiwa kulazwa haraka zaidi, lakini pa kwenda hapakuwapo. Tukamwondoa daktari yule, tukabadili jambo moja tu: wanaoruhusiwa wodini watoke saa nne asubuhi badala ya saa tisa alasiri, raundi na malipo viwahi. Korido ikapungua, kwa vitanda vilevile na watumishi walewale.

Tukiri hapa kwamba dakika tulizoingiza ni za kukisia, kwa hiyo matokeo haya si ya hospitali yoyote. Wenzetu wakiwa mafunzo kwa vitendo waliona daftari la mapokezi: saa ya kuingia imeandikwa vizuri, ya kuonwa na daktari mara ipo mara haipo, ya kufika wodini haina hata safu. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010, na nyingine zimejengwa baadaye. Majengo tunayaona. Dakika ndizo hazionekani.

Ndiyo maana, pamoja na kukuomba kompyuta mpakato mbili (tuliyonayo inazimika ikipata moto), ombi letu kubwa halina gharama. Tusaidie kupata kibali cha kukusanya nyakati nne za kila mgonjwa katika hospitali moja kwa mwezi mmoja: alipoingia, alipoonwa, alipoandikiwa kulazwa, alipofika wodini. Hatuhitaji jina wala namba ya faili. Na daftari liongezwe safu mbili. Rula na kalamu tunazo.

Meza yetu ni ya tatu kushoto. Ukipita, punguza vitanda wewe mwenyewe kwa kidole uone korido inavyojaa.

Tunaomba kuwasilisha.