Kaka, tuko watano

Kaka yangu, shikamoo.

Nakuandikia hapa kwa kuwa simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma kisha unauacha hivyo hivyo.

Unamkumbuka yule mwalimu? Baridi ile uliyokuja Praha ukagoma kutoka nje siku tatu, tukajifunika blanketi moja tukitazama filamu ya Kicheki, Obecná škola. Kicheki hukijui hata neno, mimi natafsiri, wewe unacheka kabla sijamaliza. Darasa la wavulana watukutu, vita vya pili vimeisha juzi tu, mara anaingia Igor Hnízdo na magwanda yake na fimbo. Ukasema, huyu si mwalimu wetu wa darasa la tano huyu! Ukauliza ni nani. Nikakwambia ni Jan Tříska, na kwamba kabla ya filamu ile ya 1991 alikuwa ameishi ugenini tangu 1977. Ukanyamaza. Nami nikanyamaza, maana nilijua unawaza nini.

Ngoja nikumalizie leo. Tříska alizaliwa Praha mwaka 1936, na akiwa kijana mbichi akaingia kwenye jumba la taifa la maigizo. Baadaye akawa na kundi la Divadlo Za branou, ambalo serikali ililifunga 1972. Agosti 1968, majeshi ya Mkataba wa Warsaw yalipovamia nchi, yeye na rafiki yake Václav Havel, mwandishi aliyekuja kuwa rais, walikuwa mji wa Liberec. Havel anaandika, Tříska anasoma redioni. Sauti kama hiyo wakubwa hawaisahau. Januari 1977 wasanii walikusanywa katika jumba lile lile la taifa kuwalaani waliotia saini Charter 77, waraka wa kuidai serikali iheshimu haki za binadamu. Mwaka huo huo akamchukua mkewe na binti zao wawili, wakaondoka.

Ulisema siku moja kwamba anayeondoka anafuata raha. Raha gani, Kaka? Mtu aliyekuwa anabeba tamthilia nzima kwa lugha ya mama yake alianza upya Marekani kwa Kiingereza cha kuazima, nafasi ndogo ndogo, dakika chache hapa na pale. Kwenye filamu ya Miloš Forman ya 1996 ndiye anayempiga risasi Larry Flynt, yule mchapishaji wa magazeti, basi. Usimhukumu mtu kwa kutazama mgongo wake tu. Mimi nimefagia ngazi za watu miaka minne nikisoma usiku, na ada ya mwanao wa kwanza ilitoka kwenye ngazi hizo. Sikutaka kulisema hili. Nimelisema.

Mwaka 2002 nilimwona akiwa Mfalme Lear wa Shakespeare, uani kwenye Kasri la Praha. Mzee anawataka binti zake waseme wanampenda kiasi gani. Yule asiyejua kupamba maneno anafutwa. Nilikupigia usiku ule ule nikusimulie. Ukasema una kazi.

Sasa 2017. Jumamosi ya tarehe 23 Septemba Tříska alianguka mtoni Vltava kutoka daraja la Karlův most, na tarehe 25 akafariki, miaka 80. Mji mzima unamtaja, redio zinamtaja, nami niko kitandani wodini nasikia. Wiki hiyo hiyo Mama naye akaondoka.

Mazishi niliyatazama kwa simu aliyoshika binamu yetu, mkono ukimtetemeka. Turubai la bluu, viti vya kukodi, wewe umesimama na karatasi unasoma wasifu. "Marehemu ameacha watoto wanne." Ukatutaja. Ukawataja, nisahihishe. Nilidhani mtandao umekata. Nikamuuliza binamu, akageuza simu ikatazama majani.

Msanii aliyeitoroka Chekoslovakia zamani zile, kumtaja hadharani kulikuwa mwiko na kazi zake zilifungiwa. Lakini ile ilikuwa serikali, Kaka. Wewe ulikuwa na kalamu ya mkononi na usiku mzima wa kufikiri, na mimi uliwahi kunibeba mgongoni kuvuka mto tukienda kwa bibi.

Hukuniuliza kwa nini sikuja. Nilikuwa na mimba ya miezi saba na damu inatoka, daktari amenikataza hata kusimama, sembuse kupanda ndege. Mbili za kabla yake ziliharibika. Niliyemwambia ni Mama peke yake, na nilimwapisha asiseme kwa mtu. Alikaa nalo hadi mwisho, Mama yetu. Najua kosa langu liko hapo: wewe ungejuaje? Lakini hata asiyekuja kuzika bado amezaliwa.

Mtoto ana jina la Mama. Amekutana nawe kwenye picha tu, ile ya blanketi, na anakuita Mjomba.

Nasikia mnajengea kaburi Desemba. Mchango wangu nimempa mama mdogo, maana kwako ungerudi. Tiketi nimekata, mbili. Tutafika Jumatano jioni kwa basi. Kama huji stendi, niambie mapema, nisimwahidi mtoto.

Dada yako