Barua ya wazi kwa Mheshimiwa wetu: leta ule udongo kabla shule zifunguliwe

Kwako Mheshimiwa Mbunge wetu,

Salamu kwanza. Natumai barua hii inakupata ukiwa mzima, wewe na familia yako. Mimi ni mzazi wa kijana wa kidato cha tatu kwenye shule ya bweni ya wavulana huku kaunti ya Nakuru, ile uliyotembelea siku ya wazazi mwaka jana mwezi wa saba ukapokelewa na bendi ya skauti. Kazi yangu ni mjengo, fundi wa mawe na simiti, mwaka wa kumi na tisa huu. Sijawahi kuandikia kiongozi barua. Nimekupigia simu, nimekuja ofisini kwako mara tatu, mara ya mwisho nilikaa kwa benchi kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa tisa mchana ndio nikaambiwa ulishatoka, kwa hivyo naandika hapa kila mtu asome.

Mheshimiwa, leta udongo ulioahidi, ule wa kufunika simiti katikati ya kiwanja cha shule.

Wacha nieleze kwa wale hawajui. Shule ina kiwanja kimoja tu cha maana. Term ya kwanza wanacheza raga ya kumi na tano, yaani watu kumi na tano kila upande, term ya pili raga ya saba, halafu term ya tatu ni msimu wa kriketi. Sasa kriketi haichezwi kwa nyasi hivi hivi, ule mpira ni mgumu na lazima udunde sawasawa, ndio maana katikati ya kiwanja kuna slabu ya simiti iliyomwagwa zamani, vijana wanaitandikia mkeka wa makonge wanaukaza na misumari mirefu pembeni. Kriketi ikiisha mkeka unakunjwa unarudishwa stoo, slabu inafunikwa udongo mnene, raga inachezwa juu yake. Hivyo ndivyo ilikuwa inafanywa. Lakini mvua imebeba udongo mwaka baada ya mwaka, viatu vya vijana vimemaliza uliobaki, na saa hii slabu iko uchi kabisa.

Nimeipima mwenyewe na tepu yangu ya kazi. Urefu mita 22, upana mita 2 na nusu. Upande wa mashariki ukingo umetokeza sentimita 7 juu ya ardhi, na si ukingo wa kuviringwa na plasta, ni kona kali, kokoto zinaonekana, na tundu mbili za misumari bado zina vichwa vya chuma ndani. Nilipitisha kiganja hapo kikachubuka, na kiganja changu ni cha fundi.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu shule nyingine ilikuja kucheza na nilikuwepo, niliomba ruhusa site. Kijana wangu anacheza wingi, yaani pembeni kabisa mwa kiwanja, namba 14. Kipindi cha pili akapokea mpira akakata kuingia ndani, akapigwa takle. Takle safi, na narudia ilikuwa safi kwa sababu yule kijana mwingine simlaumu hata kidogo, alimshika kiunoni vile wanafunzwa. Wakaenda chini wote wawili. Mimi nimefanya kazi na mawe maisha yangu yote, najua sauti ya kitu kikigonga simiti. Niliisikia nikiwa nje ya kamba.

Akainuka. Mwenzake akammwagia maji kichwani na chupa ya soda, akapangusa uso na jezi, akarudi kucheza. Hakukuwa na nesi. Hakukuwa na ambulensi. Mwalimu wa michezo alikuwa peke yake, ndiye kocha, ndiye anashika bendera ya pembeni, ndiye anaendesha basi ya shule, nitamlaumu vipi? Utaratibu wa raga ya shule dunia nzima ni kwamba mchezaji akishukiwa tu ubongo umetikisika anatolewa na harudi tena siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Lakini nani angemshuku na kila mtu anaangalia mpira? Dakika kama kumi baadaye nikamwona ameshika mpira anakimbia kuelekea posti zetu wenyewe, wenzake wanamwita kwa jina haskii, halafu akapiga magoti akatapika.

Tulimpeleka na gari la mzazi mwingine, kichwa chake kwa mapaja yangu. Njia nzima ananiuliza baba mechi imeisha ngapi ngapi. Namjibu. Baada ya dakika moja ananiuliza tena, sauti ile ile, kama hajawahi kuuliza. Ilipofika mara ya nane nikashindwa kujibu.

Skani ya kichwa nililipa 8,500, taslimu, kabla aguswe. Hiyo ni kazi yangu ya siku saba. Ile bima ya wanafunzi, EduAfya, iliyoanzishwa 2018 ilifika mwisho 2023, na bima ya sisi watu wa kibarua inatakiwa kulipwa ya mwaka mzima mara moja, pesa ambayo sikuwa nimefikisha. Nilikopa kwa msimamizi wa site na bado namlipa. Daktari alisema damu haikuvuja ndani, na kwa hilo namshukuru Mungu usiku na mchana. Lakini tangu hiyo siku kijana hajasoma. Akishika kitabu dakika kumi kichwa kinamuuma. Mama yake ametundika leso mbili kwa dirisha kwa sababu mwanga unamsumbua. Juzi ametumwa mkate dukani, akafika njiani akarudi kuuliza ametumwa nini. Na huyu ndiye alikuwa anaandika skoa za kriketi za shule, anakupigia wastani wa kila mchezaji kwa kichwa bila kalamu.

Sasa Mheshimiwa nakukumbusha maneno yako. Siku ile uliongea vizuri sana. Ulitukumbusha Kombe la Dunia la kriketi 1996 kule Pune, India, vile Kenya ilifunga mikimbio 166 tu, halafu West Indies, wakiwa na Brian Lara, wakaondolewa wote kwa 93. Ukataja kina Maurice Odumbe na Steve Tikolo, ukataja vile tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, ukasema ni aibu kwamba tangu 2014 tumepoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja, na kwamba kriketi itafufuka kutoka kwa shule kama hii. Halafu ukaingia kwa raga, ukataja fainali ya Singapore 2016, Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya saba, 30 Fiji 7. Hiyo fainali niliitazama na kijana wangu kwa kibanda cha video, alikuwa na miaka saba, nimembeba mabegani kwa sababu watu walijaa. Siku hiyo ndiyo alianza kusema atavaa ile jezi.

Halafu prinsipo akakuonyesha slabu. Ulitembea ukaenda ukaikanyaga na kiatu chako, tulikuona sote. Ukarudi kwa maikrofoni ukasema malori kumi ya udongo yatafika kabla ya Krismasi, na ambulensi itakuwepo kila mechi ya nyumbani. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga makofi nikiwa nimesimama. Krismasi ikapita, Januari ikapita, Februari vijana wakaanza mechi, na Machi ndiyo hiyo nimekueleza.

Kuna kitu sidhani watu wa ofisi huwa wanakifikiria. Hii michezo yote miwili tumeipata kwa Waingereza, raga hata jina lake ni la shule ya bweni kule kwao, enzi hizo ikiwa ya wavulana. Lakini kwao kriketi inachezwa wakati wa joto ardhi ikiwa imekauka, na raga inachezwa wakati wa baridi ardhi ikiwa laini, imelowa, mtu akianguka anaanguka kwa matope. Sisi raga ya kumi na tano tunaianza Januari, Nakuru ikiwa vumbi tupu, ardhi imekauka kama tofali iliyotoka tanuruni. Ardhi yenyewe tayari inaumiza hata kabla hujafika kwa simiti. Mtoto wa hapa ndiye anahitaji udongo laini kuliko mtoto yeyote. Na mwaka huu Gredi 10 wameingia senior school, moja ya njia tatu za masomo ni ya Sanaa na Sayansi ya Michezo, maana yake kuna vijana ambao hicho kiwanja sasa ndicho darasa lao.

Kwa nini udongo haukuja? Mimi naona ni hivi. Ofisi yako inasema shule haijaleta barua ya maombi, shule inasema imeleta barua mara mbili, na barua imekaa kwa meza ya mtu anayengoja kitu. Wazazi wengine wanasema malori yalienda kwa barabara ya mtu mkubwa, hiyo sina ushahidi nayo na siisimamii. Ninachojua ni kwamba NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge lako, ina sehemu ya michezo, na nimeona jezi mpya zikigawanywa na picha yako mgongoni. Jezi haizuii kichwa kugonga simiti, Mheshimiwa.

Najua utaambiwa ni gharama. Basi sikiza hesabu ya fundi. Kufunika slabu na kuweka mteremko pande zote ili hakuna mtu anajikwaa, unahitaji eneo la mita 25 kwa 8, kina sentimita 15. Hiyo ni mita 30 za ujazo. Lori la tani saba linabeba kama mita tano. Kwa hivyo ni safari sita. Wewe uliahidi kumi, sisi sita zinatutosha kabisa, hizo nne nakusamehe mbele ya watu wote.

Tena ngoja. Udongo wenyewe upo. Site ninayofanya sasa tunachimba msingi, na kontrakta analipa watu waende kuutupa. Nimeongea naye, amekubali kuutoa bure, udongo mzuri wa juu, hauna mawe, nimeuchambua na mkono wangu. Kupakia tutapakia sisi. Kusambaza na kushindilia tutafanya sisi, wazazi kumi na mmoja tumeshaandika majina, koleo tunazo, wilibaro nne nitaomba site. Kinachokosekana ni lori na dizeli ya siku moja. Siku moja tu. Ambulensi nimeacha kukuuliza kwa sasa, ingawa sijasahau, na nesi pia sijasahau. Hata posti ambazo hazijavishwa sponji nitanyamaza kidogo. Naomba lori.

Na naomba sasa, likizo hii ya Aprili, kwa sababu kiwanja kiko tupu na mvua imeanza, udongo ukimwagwa wiki hii utalowa, utakaa, nyasi itashika. Shule zikifunguliwa raga ya saba inaanza moja kwa moja, na raga ya saba ni mbio tupu, kila upande watu saba kwa kiwanja kizima, vijana wanaanguka wakiwa kwa kasi kubwa zaidi kuliko ya kumi na tano. Wiki ya kwanza ya mazoezi kutakuwa na kijana wa mtu mwingine anakata kuingia ndani, kwa mwendo ule ule wa kijana wangu, na ile kona ya sentimita 7 itakuwa hapo hapo ikimngoja.

Wangu hatacheza term hii. Daktari amekataa, na hata angekubali mama yake hangekubali. Lakini jana jioni alitoka nje kwa mara ya kwanza bila kufunika macho, akakaa karibu na mimi nikisafisha mwiko, akaniuliza kama slabu imefunikwa. Nikamwambia bado. Akasema Mheshimiwa aliahidi. Nikamwambia ndiyo, aliahidi.

Lori likipatikana halihitaji barua wala kamera. Mlinzi wa geti la shule nimeshaongea naye, atafungua saa yoyote, hata usiku. Mimi nafika na koleo ndani ya nusu saa.

Wako mwaminifu,
Mzazi wa namba 14