Shukrani kwa fundi aliyetukagulia mashine ya msasa

Karakana yetu ya useremala hapa Masasi ilikaribia kulipia mashine ya msasa wa mkanda mpana, ya kulainishia mbao, iliyokwisha kutumika, ambayo muuzaji aliisifu sana. Fundi mmoja wa Mtwara mjini, asiyetaka jina lake litajwe, alikuja kuikagua bila kudai hata nauli. Aliomba mkanda uvuliwe, akalaza rula ya chuma juu ya rola ya mpira inayoukandamiza mkanda kwenye ubao, na kutuonyesha mwanga ukipenya katikati, mahali palipolika kwa kupitisha mbao nyembamba pale pale. Kisha akapitisha ubao mpana wa mninga, nao ukatoka mnene katikati kuliko kingoni. Aliuliza pia kuhusu umeme wa fezi tatu na kompresa ya hewa, ambavyo mashine hiyo huhitaji, jambo ambalo muuzaji hakuligusia. Fundi, tunakushukuru kwa dhati. Nanyi wenye ujuzi huo, wakagulieni wenzenu kabla hawajalipa.