Mdogo wangu, ile tochi iko kwangu

Mdogo wangu,

Simu yangu hupokei. Ujumbe unausoma, unanyamaza. Basi nakuandikia hapa, na wenye macho wasome. Shangazi kasema mambo ya ndani hayaanikwi uani. Shangazi naye anisamehe.

Juma lililopita nilikwenda Zigi, langoni mwa msitu wa Amani, peke yangu. Hema nimelipiga palepale, chini ya ule mti wenye mizizi kama mbavu. Mlinzi wa sasa ni kijana, hatujui. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Wajerumani ipo, reli haipo, lakini ukisimama barazani utadhani treni imechelewa tu. Na yale maua ya zambarau mwambani yamechanua. Sikuyagusa. Nilimsikia Baba akianza tena habari ya yule mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Saint Paul, aliyepeleka mbegu kwao mwaka 1892, eti leo Wazungu wanayaweka dirishani na sisi tunayakanyaga.

Usiku perere wakalia kilio chao cha mtu anayekabwa. Unakumbuka ulivyojificha ndani ya kanga yangu? Baba akacheka mpaka akakohoa: "Mnyama mwenyewe kama sungura!" Asubuhi akatukataza kukojoa mtoni, maji yale yanashuka mpaka bwawa la Mabayani, ndiyo tunayokunywa Tanga. Wewe ukakojoa. Akasema haya, keshokutwa utajinywa. Mpaka leo nikifungua bomba nakukumbuka, na hilo nalo limenichosha.

Ile safari ya mwisho ndiyo hainitoki. Pale kambini haikudondoka hata tone, mvua ilinyesha juu, Amani. Tuliijua kwa mto wenyewe: mlio wa maji kwenye mawe ukazama, ukaja mngurumo mzito wa chini. Tochi ilikuwa moja. Ukaichukua saa mbili usiku, ukapanda barabarani kutafuta mtandao. Saa nne hujarudi. Baba akavaa kandambili zake, ile ya kushoto imefungwa waya, akashuka na mwanga wa kisimu changu cha vitufe, akidhani umeenda upande wa maji. Nilimkuta amekaa mtoni, maji kiunoni, mkono mmoja umeng'ang'ania mzizi. Alikuwa anaita jina lako. Mimi nimemshika kwapani, na bado anaita wewe.

Ukaja, ukatumulika usoni, ukasema: "Kwani nani kamwambia anifuate?"

Hilo neno, mdogo wangu. Miezi minane alitembelea mkongojo nami ndiye nilimwogesha. Najua, alikufa kwa moyo, si kwa nyonga. Daktari alisema, na wewe ukarudia msibani mara tatu kama uko kizimbani.

Nasikia unataka kumpeleka mwanao kambi. Mpeleke, wala usimwonee mtoto. Ila nenda na tochi mbili. Usipige hema kwenye ule mchanga laini hata ukupendeze vipi, mchanga umeletwa na mto na mto unaijua njia. Ukisikia maji yamebadilika sauti, hama kwanza, vyombo baadaye. Na mzee asitumwe gizani.

Mimi sikumtuma. Najua mnavyosema huko. Nilisema tu, "Baba, mtoto wako hajarudi." Ndiyo kutuma huko? Ningenyamaza ungesema dada hakujali. Miguu mizima nilikuwa nayo, ndiyo, umeshaniambia. Lakini chai ilikuwa jikoni, kuni mbichi, nimepuliza mpaka macho yamevimba, na nilikuwa nimechoka kuwa mimi ndiye wa kukutafuta kila siku, tangu madrasa. Nilitaka usiku ule mmoja atafute mwingine.

Sasa nimeandika. Shangazi atapiga simu.

Tochi uliiacha siku ya arobaini juu ya kabati la vyombo, bila kuaga. Nimetoa betri zisivujie ndani. Machungwa ya Muheza nimekuwekea nusu gunia, uyafuate kabla hayajaoza, au umtume mkeo, kwake sina neno.

Getini Zigi nililipia watu wawili. Yule kijana akauliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia yuko huko juu barabarani, anatafuta mtandao.