Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Wakazi, Sinza

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wanachama mliofika, na ninyi mtakaoisoma taarifa hii kwenye simu mkiwa mmejilaza, habari za Jumapili.

Kabla ya yote nawakumbuka wenzetu 3 waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Umoja ulitoa rambirambi ya shilingi 100,000 kila msiba, na turubai letu lilifika kwa wakati misiba yote mitatu. Naomba tusimame dakika moja. Ahsanteni, tuketi.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi umefanyika, isipokuwa miezi ambayo haukufanyika. Walinzi wetu wawili wapo. Mtaro ulizibuliwa mara mbili, kabla ya masika na katikati yake, na ninyi wenyewe mliona masika yale ya Aprili yalivyokuwa. Tangu mto Ng'ombe ujengewe kingo za zege, ndugu zetu wa bondeni wanapata usingizi mvua ikinyesha, lakini mtaro wetu unaopeleka maji huko bado tunaulisha chupa za maji na pampasi. Pampasi hazioti miguu, kuna mtu anazitupa. Kamati ilikaa mara 7. Maji ya bomba yametoka kwa mgao, ambao ratiba yake sina mimi.

Sasa nije kwenye geti tuliloweka kichochoroni.

Najua wengine mmefika leo kwa ajili ya geti tu, maana sura nyingine nilikuwa sijaziona tangu 2021. Karibuni. Lakini nianze nyuma kidogo, kwa sababu wapangaji wengi mmehamia juzi na mnadhani kile kichochoro kimejitokea chenyewe kama muhogo wa porini.

Sinza ilichorwa kwanza, watu wakaja baadaye. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja hapa pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Barabara na mabomba vilitangulia, nyumba zikafuata. Jirani zetu wa Manzese na Tandale ilikuwa kinyume chake: nyumba kwanza, njia baadaye, na penye nyumba njia hukosa pa kupita. Mtu wa kipato cha kawaida alipewa kiwanja kidogo ajenge kwa uwezo wake, chumba kimoja mwaka huu, kingine mshahara ukiruhusu. Cha kwangu ukikipima kwa hatua ni 24 kwa 12, na sijawahi kuongeza hata hatua moja kuelekea barabarani. Wapo walioongeza. Katikati ya viwanja wapimaji wakaacha vipenyo vya waenda kwa miguu, mtu asizunguke mtaa mzima kwenda kuomba chumvi kwa jirani. Hicho ndicho kichochoro chetu.

Mimi nimeingia Sinza 1986, mpangaji wa chumba cha uani, na nimekuwa mwenye nyumba tangu 1994. Nyuma ya ukuta wa sasa tulipanda mchicha. Usiku ulisikia vyura, na Jumamosi labda redio ya jirani. Leo mgeni akikuuliza njia utamwelekeza kwa Mori, Kijiweni, Kumekucha, Makaburini, Afrika Sana, Palestina. Hospitali imekuwa Hospitali ya Sinza siku nyingi sasa, sisi bado Palestina. Konda akiita "Kwa Remmy!" vijana wanashuka wakidhani Remmy alikuwa na duka la jumla. Remmy Ongala alikuwa mwanamuziki, mzaliwa wa Kongo, aliyefika Dar es Salaam 1978, akavuma na Super Matimila, na alipofariki Desemba 2010 alikuwa mwana Sinza kama mimi na wewe. Shekilango, ile barabara, nayo si jina la baa. Ni waziri aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1980. Nayasema haya kwa sababu katika mkutano uliopita kijana mmoja alisimama akaniambia mimi siijui Sinza. Alikuwa na miezi minne hapa.

Basi mtaa uliopangwa kwa ajili ya familia umegeuka. Nyumba zilizotazama barabara zimetobolewa ukuta zikawa fremu: saluni, vipodozi, mitungi ya gesi, wakala wa pesa, chipsi. Nyingine zimekuwa gesti, nyingine baa, na wikendi ukikaa barazani kwangu unasikia nyimbo tatu kwa mpigo bila kujua maneno ya hata moja. Silaumu biashara. Mke wangu mwenyewe anauza barafu. Ila watu wanaokunywa hadi saa nane usiku wanahitaji mahali pa kujisaidia, na vibaka wanaowangoja watu hao wanahitaji mahali pa kutokea. Vyote viwili vilipatikana kichochoroni. Ni upana wa mita moja na nusu, taa hakuna, unaingia upande wa baa unatokea barabara ya nyuma, na bodaboda ya mwenzako inanguruma. Daftari la walinzi linaonyesha matukio 14 ya kuporwa simu na mikoba kati ya Januari na Julai. Mama mmoja wa umri wangu aliburutwa na mkoba wake hadi kandambili moja ikabaki huku na nyingine kule. Asubuhi nilizikuta mimi, nikaziosha, nikampelekea.

Mkutano wa Julai ndio ulioamua kuweka geti. Hapa ndipo maneno yameanza, kwamba akidi haikutimia. Wanachama ni kaya 64, katiba inasema theluthi moja, yaani 22. Waliokaa kwenye viti walikuwa 19. Hilo sikatai. Lakini wanachama 3 waliandika kwenye kundi la WhatsApp, saa ileile ya mkutano, kwamba wanaunga mkono, na mmoja akaweka na vile vidole gumba vitano. 19 na 3 ni 22. Katiba yetu ni ya zamani kuliko kundi la WhatsApp, haikusema simu inahesabiwa, wala haikusema haihesabiwi. Nilitumia busara. Na wale wanaosema leo kwamba wasingekubali, nawauliza kwa upole: siku ile mlikuwa wapi? Tangazo lilikuwa ukutani siku 9.

La pili ni fundi. Ni kweli aliyechomelea geti ni mdogo wake mke wangu. Sikulificha, na asiyejua ni kwa sababu hakuuliza. Tulipata bei tatu. Wa kwanza alitaka 1,350,000, kwa bomba jembamba ambalo mtoto wa darasa la nne angelipinda. Wa pili alitaka 1,900,000. Shemeji alitaka 1,480,000, bomba nene, rangi mikono miwili, na bawaba ameziweka ndani ili zisifunguliwe kwa spana. Hakuna senti iliyokuja kwangu. Nilikula pilau kwake Sikukuu ya Idi, lakini nakula kila mwaka.

La tatu, kibali. Niliandika barua ofisi inayohusika, ikapokelewa, ikapigwa muhuri wa tarehe. Nakala ninayo hapa, anayetaka aje aione. Majibu hayajaja hadi leo, na mimi kwa umri huu nimejifunza kwamba ofisi isipokukataza inakuwa imekuelewa. Naomba pia ifahamike kwamba mimi si mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Baada ya uchaguzi wa Novemba watu wamekuja kwangu kugongewa mihuri ya barua za mikopo na udhamini. Mimi muhuri wangu ni wa ada tu.

La nne ni la usiku ule wa Oktoba, nalo nitalieleza vizuri kwa sababu limezungushwa sana. Saa saba na robo usiku, mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu. Mumewe akamtoa kwa mguu apitie kichochoroni, maana bajaji ilikuwa imeegeshwa upande wa pili. Geti lilikuwa limefungwa, kama tulivyokubaliana, saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mlinzi alikuwa na funguo, lakini alikuwa mwisho mwingine wa mtaa. Nilisikia geti linagongwa kwa jiwe. Nilitoka na msuli na tochi ya simu, nikafungua kwa funguo yangu, nikambebea huyo mama beseni na kanga zake mpaka kwenye bajaji. Walichelewa kama dakika nane. Walifika Palestina, mtoto akazaliwa salama, wa kiume, na sasa mtaa mzima mnamwita Geti. Mama yake amenisamehe. Nimekwenda nyumbani kwao mara mbili, na mara ya pili tulikunywa chai. Wasiokuwepo ndio hawajanisamehe.

Tangu hapo tumebadilisha. Geti linafunguliwa saa kumi na nusu ili waendao swala ya alfajiri wapite, na funguo ziko nne badala ya mbili, moja kwa mama mmoja anayeuza vitumbua ambaye huamka kabla ya jogoo. Na matokeo? Agosti hadi Desemba daftari lina matukio 3. Kutoka 14 hadi 3! Najua kuna anayesema vibaka hawakuisha, wamehamia mtaa wa nyuma. Inawezekana. Wenzetu wa huko wameleta malalamiko, nami nimewashauri nao waweke geti. Fundi nimewapa namba.

Yule aliyeniandika kwenye kundi kwamba mimi ni "Mkuu wa Magereza", nimemsoma. Sikumjibu, na sikumtoa kwenye kundi.

Fedha. Tulianza mwaka na 612,000. Ada zilizoingia ni 4,130,000, viingilio 40,000, michango maalumu ya geti 1,150,000. Jumla 5,932,000. Matumizi: walinzi 3,600,000, geti 1,480,000, mtaro 260,000, rambirambi 300,000, tochi na makoti ya mvua 85,000. Jumla 5,725,000. Zimebaki 207,000. Mhazini ana risiti zote isipokuwa ya makoti, iliyolowa.

Sasa sikilizeni. Ada ni 10,000 kwa mwezi kila kaya. Kaya 64 kwa mwaka ilipaswa kuwa 7,680,000. Tunadai 3,550,000, ambayo ni karibu sawasawa na mshahara wa walinzi wote wawili kwa mwaka mzima. Kaya 23 zimelipa yote. Kaya 30 zinalipa kwa mafungu, fungu lenyewe likikumbukwa. Kaya 11 hazijatoa hata shilingi. Sitataja mtu, lakini kuna nyumba ina magari matatu na inadaiwa miezi 19. Elfu kumi! Ni bia chache na mshikaki, na bia zinanywewa hapohapo mbele ya geti. Wapangaji wanasema mwenye nyumba ndiye mwanachama. Mwenye nyumba amehamia Mbezi, anasema anayelindwa ni anayelala. Mimi katikati nimesimama na kitabu cha risiti. Novemba, mishahara ilipokwama, niliwakopesha walinzi 120,000 kutoka mfukoni mwangu. Nimerudishiwa, sidai kitu, nasema tu ieleweke.

Na mahudhurio. Mikutano minne, wastani watu 17. Kwenye msiba tunafika 200 na viti vinapungua. Kwenye kundi la WhatsApp wapo 118, yaani zaidi ya kaya zenyewe, na usiku wa manane wanachangia hoja kama bungeni. Ukiwaita Jumapili saa nne asubuhi, huyu yuko kanisani hadi saa nane, yule yuko shamba Kibaha, mwingine "niko njiani mwenyekiti". Njia hiyo haifiki.

Mipango ya mwaka ujao. Kwa uwezo wa Mungu tunatarajia taa ya kichochoroni, ya jua ikiwezekana. Tutaangalia pia namna ya kuzungumza na wenye baa kuhusu spika zao. Magari yanayokwepa foleni ya barabara ya Sam Nujoma yanapita kwetu kama mishale, na kamati inafikiria matuta. Kuna wazo la vijana la kuandika historia ya mtaa wetu kabla wazee hatujaisha, nami nimejitolea kusimulia. Katiba nayo itatazamwa, hasa kifungu cha akidi. Yote haya kadiri fedha itakavyoruhusu, na mmesikia fedha ilivyo.

Kipindi changu kinaisha Juni. Sijasema nagombea, sijasema sigombei.

Taarifa hii naomba kuiwasilisha. Halafu viti vya leo tulikodi 60, vya nyuma vyote viko wazi na mwenyewe anavitaka saa saba, kwa hiyo mliosimama pale getini ingieni mkae. Maswali ya geti yatapokelewa kutoka kwa waliokaa.